Taa Zilizokataa Kumsikia Mwenyekiti

Chupa mia mbili na kumi na mbili. Nilianza kuziokota baada ya Pasaka, Lidi akiwa mgongoni, nyuma ya kumbi za harusi na pembeni ya stendi, mpaka mama mmoja muuza mboga akanishika mkono akaniuliza taratibu kama mume wangu amenikimbia.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Nasoma umeme."

Akaniangalia, akaliangalia gunia, akaniongezea fungu la mchicha bure.

Lakini nilikuwa nasoma kweli. Madarasa ya jioni, mwaka mzima, kwenye chuo kidogo cha ufundi upande wa Ruhuwiko. Tulikuwa kumi na wanne, mwanamke mimi peke yangu, na mwenye mtoto wa kunyonya mimi peke yangu vilevile. Kazi ya mwisho kila mmoja alijichagulia. Wenzangu wakachagua kufunga nyaya za chumba na sebule. Mimi, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nikaandika kwenye fomu: "Sanamu ya taa inayowashwa na kelele za mashabiki, pande zote mbili, hadi juu."

Baadaye nilitamani nisingeandika "hadi juu". Maana msahihishaji anakuja na fomu yako mkononi, anasimama mbele ya kitu chako, na kitu kinatakiwa kifanye ulichoandika. Kisipofanya, unarudia mwaka. Na mwaka wa kurudia sikuwa nao. Mume wangu Remmy alikuwa Mbinga kwenye msimu wa kahawa, na jioni Lidi alikuwa akibaki na mama mkwe wangu, Mama Walburga, ambaye aliniambia tangu siku ya kwanza: "Mwaka mmoja, mwanangu. Mgongo wangu umekubali mwaka mmoja tu. Nimeuuliza."

Sanamu yenyewe ilikuwa nguzo mbili ndefu kuliko mtu, za chupa zilizokatwa na kuvikwa kwenye bomba, na ndani ya kila chupa taa ndogo. Nguzo ya kushoto nyekundu, ya Simba. Ya kulia kijani na njano, ya Yanga. Kila nguzo ilikuwa na maiki yake kwa chini, na juu kabisa ya kila moja nilipachika sufuria kuukuu niliyoisugua mpaka ikang'aa kama kombe. Ukipiga kelele, taa zinapanda kutoka chini. Ukizidisha, zinapanda zaidi. Wakipiga kelele watu wengi kwa pamoja, zinafika kwenye sufuria na kombe linawaka. Iddi, mwenye kibanda umiza cha kuonyesha mpira hapa kwetu Lizaboni, alikubali zisimame mlangoni kwake, moja huku na nyingine kule.

"Kila siku ya mechi wanapiga kelele bure," alisema. "Angalau ziwashe kitu."

Sasa nieleze kosa langu, ili asije mtu akadhani ulikuwa uchawi.

Nyumba yetu imepakana na mashine ya kusaga. Baada ya mavuno, mashine ile inaanza kunguruma alfajiri na haimalizi mpaka jioni, na nguzo zangu, nilipozijaribu uani, ziliwaka siku nzima zenyewe. Mashine inasaga, kombe linawaka. Nikaona hapana, hizi zinashangilia sembe. Nikarudi kwenye daftari la darasani, nikapata dawa: kidude kidogo kwenye njia ya sauti, kinazuia sauti nzito na kupitisha nyembamba. Mimi nikakiita chujio. Nikaweka kimoja, mashine ikaendelea kuwasha taa. Nikaongeza, nikaongeza, nikijaribu kwa sauti niliyokuwa nayo karibu, ambayo ni kilio cha Lidi, kwa sababu mchana nyumbani tulikuwa wawili tu. Siku mashine iliponguruma na taa zikatulia, kisha Lidi akalia na kombe likawaka, nilimnyanyua mwanangu nikacheza naye uani mpaka wenye magunia wakasimama kutuangalia.

Sikufikiria zaidi ya hapo. Ndilo kosa lenyewe.

Siku ya kusahihishwa ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, baridi ya Songea ile ya kuvaa sweta mbili. Mechi ya watani, Simba na Yanga, ilikuwa saa moja. Msahihishaji alikuja saa kumi na mbili kasoro, jua linaelekea kuzama nyuma ya miti. Anaitwa Mwalimu Beda. Alivaa shati la kahawia, suruali ya kahawia, viatu vya kahawia na sweta la kahawia.

"Mimi sina timu," alisema kabla hata ya salamu.

Iddi akacheka. "Mwalimu, hata padri ana timu. Haitaji tu madhabahuni."

"Sina," akasema Mwalimu Beda, akafungua fomu yangu. "Careen. Kelele za mashabiki. Pande zote mbili. Hadi juu. Mashabiki wako wapi?"

Walikuwa wanakuja. Upande wa juu wa barabara tawi la Simba, wamevaa jezi juu ya masweta, ngoma mbele, na mbele ya ngoma mwenyekiti wao, Mzee Otto. Mzee Otto ni baba mkwe wangu, baba yake Remmy. Ana sauti nzito kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Akisema "amina" kanisani, benchi la mbele linatetemeka. Upande wa chini walikuja Yanga, na mwenyekiti wao Abdul, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, naye si mnyonge wa koo.

Makundi yote mawili yakafika hatua ishirini kutoka mlangoni, yakasimama.

Nikangoja. Wakaendelea kusimama.

"Mwenyekiti, karibuni ndani," Iddi akamwambia Baba.

"Watangulie wageni," Baba akasema. "Sisi wenyeji hatuna haraka."

"Aa, sisi tunaheshimu wazee," Abdul akajibu kutoka kule. "Shikamoo, Mzee Otto. Pita."

"Marahaba. Pita wewe."

Nikaelewa. Nguzo mbili mpya mlangoni, siku ya watani, na hakuna anayejua chini yake kumefukiwa nini. Nani apite kwanza akabebe mkosi wa timu nzima? Timu zenyewe huwa zinaruka ukuta uwanjani kuliko kupita lango wanalolitilia shaka. Hawa mashabiki wao wangepitaje?

Hawakupita. Simba wakazunguka, wakaruka ukuta wa jikoni kwa Iddi. Yanga wakapenya kwenye banda la mbuzi. Baada ya robo saa kibanda kilijaa pomoni na kati ya nguzo zangu alikuwa amepita kuku mmoja tu.

"Wameingia?" Mwalimu Beda akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na maiki ziko nje."

"Ziko nje, Mwalimu."

Akaandika kitu. Nikaingia kuwaomba watoke. Nilipiga goti mbele ya Baba, nikasema baba yangu, ni mtihani wangu, mnipigie kelele dakika mbili tu. Baba ananipenda, lazima niseme hivyo. Akasimama, akasema, "Mkwe wangu ameomba." Na kwa sababu Simba wametoka, Yanga nao wakatoka, wasije wakaachwa. Wote walitoka kulekule walikoingilia. Baba akaja na masizi magotini. Abdul akaja na kitu cha mbuzi kwenye kanzu, akasema tusikitaje.

Mama Walburga naye alikuwa amefika, Lidi mgongoni kwake, pamoja na akina mama wa mtaani waliokuja kuona mkwe wa Walburga amefanya nini na chupa zote zile.

"Wote kwa pamoja," Mwalimu Beda akasema, "ili asiwepo wa kwanza. Moja. Mbili. Tatu."

Jamani, walipiga kelele! Wanaume kama sabini. Ngoma ikalia. Baba alinguruma "Simbaaa!" mpaka nikaona mishipa ya shingo. Mbuzi wa Iddi wakalala chini.

Nguzo zilisimama vilevile. Hata taa moja ya chini kabisa haikupepesa.

Wakanyamaza mmoja mmoja.

"Mnaona?" Abdul akasema. "Wallahi mnaona? Wamezifunga! Mkwe wake ndiye kazitengeneza, tulitegemea nini?"

"Hata yetu haijawaka!" Baba akafoka. "Ningejifunga mwenyewe?"

"Ndiyo ujanja wenyewe huo!"

"Hiki hapa!" kijana wa Simba akapiga yowe, ameinama kwenye nguzo ya kijani. "Limao! Kuna limao chini!"

Wote wakarudi nyuma hatua tatu, pamoja na Mwalimu Beda asiye na timu.

"Hilo ni limao langu," mke wa Iddi akasema kutoka kwenye meza anapouzia supu. "Limeniponyoka asubuhi. Naomba."

Hakuna aliyemsogezea. Alikuja kulichukua mwenyewe, akalifuta kwa kanga, akalikamulia mteja kwenye supu. Mteja akasema ameshiba.

Mwalimu Beda akaangalia saa. "Careen, nakupa dakika kumi. Kesho asubuhi napanda gari, na fomu naondoka nayo ilivyo."

Nikapiga magoti kwenye kisanduku cha nguzo nyekundu. Umeme upo. Waya wa maiki upo. Taa nzima. Niliwaza mwaka mzima wa kutembea gizani kurudi nyumbani, maziwa yamejaa kifuani, nikirudia kanuni za umeme za darasani kama watu wanavyosali rozari. Niliwaza mgongo wa Mama. Nikasema, Mungu wangu, hata moja basi. Iwake hata ya chini.

Hapo ndipo Lidi alipochoka na mambo yetu. Alikuwa amenusa kwamba nipo karibu na sijamnyonyesha. Akavuta pumzi, ile pumzi ndefu ambayo mama yeyote anaijua, akaachia.

Nguzo zikawaka. Zote mbili, kutoka chini mpaka juu, nyekundu na kijani na njano, zikapanda kama maji ya moto, makombe yakawaka, nyuso za watu wote zikawa na rangi. Lidi akaona, akanyamaza kwa mshangao. Taa zikashuka. Akakumbuka njaa yake, akalia tena. Zikapanda.

"Huyo mtoto ni Simba," Baba akanong'ona.

"Kawasha zote mbili," Abdul akasema.

Mama Walburga hakuwa na muda nao. Alikuwa ameona kitu cha mkwe wake kimewaka. Akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele kile cha harusini. Taa zikaruka mpaka kwenye makombe. Akina mama nyuma yake wakaitikia, na nje kote kukawa mchana.

Na mimi, pale chini, ndipo nilipoisikia kichwani mashine ya kusaga.

Mwalimu Beda alikuja kuchuchumaa karibu yangu. "Nieleze," alisema. "Kwa nini zinamsikia mama mkwe wako na hazimsikii mwenyekiti?"

Ningeweza kusema nimezitengeneza hivyo makusudi. Lilikuja mpaka mdomoni. Lakini Mama alikuwa ananitazama kwa uso wa kujivunia sana, nikaona siwezi kuupokea kwa uongo.

"Ni chujio, Mwalimu. Kwetu kuna mashine ya kusaga. Nilizuia sauti nzito ili mashine isiwashe taa. Nikapima kwa mtoto. Sikuwapima... sikuwapima wanaume."

"Kwa hiyo?"

Nikainamisha kichwa. Baba alikuwa amesimama pale pale. "Kwa hiyo taa zinaona... kwamba Baba ni mashine ya kusaga."

Halafu Abdul akaanza kucheka, akashika ukuta, akacheka mpaka akakaa chini na kanzu yake ilivyo. "Mashine! Mzee Otto, debe moja unasaga kwa dakika ngapi?"

"Na wewe hazikukusikia," Baba akamwambia.

"Mimi mashine ya kukoboa tu, mzee wangu. Ndogo."

Baba akanigeukia. Sikujua nimtazame wapi. "Mkwe," akasema polepole, "umenipima na mashine ya Lizaboni au ile kubwa ya Matogoro?"

"Ya Lizaboni, Baba."

Akafikiri. "Angalau ingekuwa ya Matogoro."

Mwalimu Beda akagonga kalamu kwenye fomu. "Fomu inasema mashabiki. Hawa akina mama ni mashabiki?"

"Wamekuja kuangalia tu," kijana wa Simba akasema.

Lo, angejua, angemeza ulimi. Mama Walburga alimgeukia taratibu. "Mimi? Miaka thelathini na moja nafua hiyo jezi ya mwenyekiti wako. Wakifungwa, halali; na mimi silali. Wakishinda, anaimba saa tisa usiku. Na mimi nasikiliza. Ugali wa siku ya mechi napika saa tisa alasiri ili asichelewe. Sasa niambie, mwanangu, shabiki ni nani? Anayekaa kwenye benchi akila karanga?"

Akina mama wa Yanga, ambao dakika moja iliyopita walikuwa wapinzani, wakampigia vigelegele. Makombe yote mawili yakawaka kushuhudia.

"Imeandikwa," Mwalimu Beda akasema. "Akina mama ni mashabiki. Lakini na hawa wengine ni mashabiki. Nusu haiwezi kufaulu. Zimebaki dakika sita."

Dakika sita! Nikamchukua Lidi, nikamweka kwenye titi, maana bila hivyo asingeniacha nifikiri, nikamwaga mfuko wa vifaa kwa mkono mmoja. Nikipitisha waya kando ya chujio, na swichi katikati, basi ukiwasha swichi sauti zote zinapita, ukizima zinapita nyembamba tu. Swichi ninazo mbili. Ila nilipogusa kisanduku cha nguzo nyekundu, Yanga wakaguna. Nikahamia cha kijani, Simba wakaguna.

"Mnabadilishana," Mama Walburga akaamua. "Abdul, wewe shika tochi huku kwa Simba, uangalie asifukie kitu. Otto, nenda kule kwa Yanga, na wewe uangalie. Na mtu asipumulie waya."

Hivyo ndivyo nilivyochomelea waya mbili muhimu kuliko zote maishani mwangu: mwanangu ananyonya, mwenyekiti wa Yanga ananimulikia nguzo ya Simba huku akigeuza uso pembeni kwa heshima, na baba mkwe wangu kachuchumaa kwenye nguzo ya Yanga kama anailinda na wezi. Risasi ya kuchomelea ilipopoa kwenye waya wa mwisho, Mwalimu Beda alikuwa anasema, "Hamsini na tano, hamsini na sita..."

Nikawasha swichi zote mbili. "Baba," nikasema, "tafadhali."

Mzee Otto akasimama, akajinyoosha, akarudi kwenye nguzo yake nyekundu. Hakungoja Yanga. Alisahau kabisa habari ya nani wa kwanza. Akafungua kinywa, akanguruma, na taa zikapanda mpaka kwenye kombe, yeye peke yake, bila ngoma. Alibaki ameshikwa na butwaa, mdomo wazi, mwekundu kama pilipili usoni. Halafu watu wote sabini wakapasuka, na akina mama juu yao, na Lidi akaachia titi ili asipitwe.

Mwalimu Beda aliandika muda mrefu. Kisha akanigeuzia fomu nisome. "Kazi inafanya ilichoandikiwa. Fundi alilijua kosa lake akalitaja kabla ya kulirekebisha. Amefaulu."

Niliisoma mara tatu. Mama Walburga, aliyeachia shule darasa la tano, akaniomba nimsomee kwa sauti, nikashindwa. Herufi zilikuwa zinaogelea. Akanisomea Abdul.

"Alhamdulillahi," akamalizia, "hilo la mwisho halijaandikwa, nimeongeza mimi."

Mwalimu Beda alipita katikati ya nguzo kwenda kutafuta kiti. Mtu wa kwanza. Kisha wakapita wote, Simba na Yanga wamechanganyika, wanasukumana kuwahi mbele.

Mechi ilipoanza, Iddi akanifuata nje akiwa amekunja uso. Kila mpira ukivuka katikati wanaume wanapiga kelele, taa zinapanda, mwanga unaingia mlangoni na skrini haionekani. "Mama Lidi, rudisha lile chujio. Usiku wa mpira ziwasikie akina mama tu. Hao wanajua wakati wa kushangilia."

Nikazima swichi zote mbili. Lidi alikuwa ameshalala. Nikamfunga mgongoni mwangu, nimpumzishe Mama, nikazunguka upande wa jikoni kuchukua ndoo yangu ya vifaa.

Baba alikuwa pale, peke yake, ameupa mgongo ukuta aliouruka. Hakuniona. Mkono mmoja ulikuwa mdomoni, kama alivyoona kwa mke wake miaka thelathini na moja, na sauti iliyokuwa ikitoka ilikuwa kama ya jogoo aliyemeza kokoto. Akajaribu kigelegele tena. Akakohoa. Akajaribu mara ya tatu, nyembamba, nyembamba kabisa.

Nikachungulia mlangoni. Kwenye nguzo nyekundu, chini kabisa, taa moja ilikuwa imewaka.